Geji ya Hapana

Bunduki namba thelathini na sita iliikubali Hapana, na Mama Geji akavuta kiti akaketi kabla ya kuamini.

Alikuwa mkaguzi wa silaha wa kampuni ya ulinzi, na geji zake za kupimia zilikuwa mbili: vyuma vidogo vya umbo la risasi, vinavyong'aa kama vijiko vya wageni. Kimoja alikiita Ndiyo, kingine Hapana. Kazi yenyewe ukiieleza ni nyepesi. Unatoa magazini, unahakikisha bunduki haina kitu, unasafisha chemba mle inamolala risasi. Unatia Ndiyo, unaisukuma bolti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, taratibu kwa kidole, nayo sharti ifunge. Kisha unatia Hapana, ambayo imeizidi Ndiyo urefu kwa unene wa karatasi mbili tu, na bolti sharti igome. Ikifunga na Hapana ikiwa ndani, ujue chuma kimelika. Nafasi nyuma ya risasi imepita haki yake, na siku moja ganda litapasuka pale pale penye shavu la mpigaji.

Alirudia mara ya pili. Mara ya tatu alifumba macho ili mkono useme peke yake. Bolti ikateleza, ikafunga, bila hata kunung'unika.

Thelathini na sita ilikuwa bunduki ya mumewe.

Aliichomoa ile bolti, akaipeleka kwenye taa ya mezani. Yale meno yake mawili yanayoshika nyuma ya mtutu yalikuwa yamelika ukingoni, yaking'aa pasipopaswa kung'aa. Akaigeuza upande wa chini, pale namba zinapogongwa. Akasoma. Akaifuta kwa kidole gumba, akasoma tena. Hamsini na mbili.

Juu ya meza, ukutani, kulikuwa na karatasi iliyobandikwa miaka miwili nyuma, mwandiko wake mwenyewe, herufi kubwa: BUNDUKI MOJA, MEZA MOJA. ATAKAYECHANGANYA BOLTI ATAVULIWA SILAHA. Aliiandika wiki ile mlinzi mmoja alipopasukiwa na ganda usoni kwa sababu ya bolti ya mwenzake. Siku hizi mlinzi yule alikuwa akifungua geti la ofisi kuu, jicho moja chini ya kitambaa, na kila asubuhi alimpigia Mama Geji saluti kama vile ni yeye aliyempa lile jicho lililobaki.

"Mama Geji!" Aliyeingia alikuwa mlinzi waliyemwita Redio, maana hakuwa na kitufe cha kuzimia. "Ile yangu imesema nini?"

"Imesema uache kuiegemeza ukutani kama ufagio."

"Hee! Mpaka hilo inasema?"

"Na kwamba wewe na oili mmenuniana tangu mwezi uliopita."

Redio alicheka, akatia saini, akabeba bunduki yake. Mlangoni aligeuka. "Na ya Kimya je? Nimeona umeitolea macho." Kimya ndilo jina walilompa mumewe kazini.

"Nenda lindoni, Redio. Ukisubiri utaota mizizi."

Mlango ulipofungwa, aliifunika bolti kwa kiganja kama mtu anayeficha mchezo wa karata.

* * *

Kabla ya saa sita alikuja Bwana Ratiba. Huyo ndiye aliyepanga zamu zote za kampuni, na hakuna aliyewahi kumwona bila kalamu sikioni.

"Mama Geji, daftari la silaha."

"Kesho saa sita mchana, bosi. Ndivyo tulivyoelewana."

"Kesho, lakini si dakika moja baada ya sita. Jumatatu tunakwenda shabaha. Kila mwenye bunduki atapiga risasi arobaini mbele ya wakaguzi, na asiyepiga hana cheti. Sina bunduki za akiba za kugawa kama pipi." Aliichukua thelathini na sita, akaitazama huku na huku kama mtu anunuaye samaki asiyejua samaki. "Hii ya mumeo, sivyo? Mlinzi mzuri yule. Anaipenda kazi mpaka zamu ikiisha haondoki. Dereva wa gari la zamu ananiambia miezi mitatu sasa hajampakia asubuhi. Au siku hizi ana njia nyingine ya kurudia nyumbani?"

Karani wa pembeni aliinamisha kichwa kwenye makaratasi yake, mabega yakimtikisika.

Mama Geji alicheka naye. Mtu akikutupia neno mbele ya watu, ukicheka unalidaka; usipocheka linakuangukia. "Anatembea, bosi. Daktari kamwambia apunguze kitambi."

"Kitambi! Yule mwembamba kama ufito?"

"Basi dawa imemfaa."

Bwana Ratiba alikwenda zake akicheka. Mama Geji alibaki na mdomo uliosahau kujifunga.

Miezi mitatu. Na yeye alikuwa amehesabu hivyo hivyo.

Mwaka wa tatu sasa yeye na mumewe walikuwa wakilala kitanda kimoja kwa zamu. Mume alitoka saa kumi na moja jioni kwenda kulinda ghala. Mke alirudi saa kumi na moja na nusu kutoka kwenye chumba cha silaha. Kitanda chao hakikupoa, wala hakikuwahi kuwa na watu wawili, isipokuwa sikukuu. Yote yaliyobaki ya ndoa yao yalikuwa robo saa ya asubuhi. Mume akitoka lindoni saa kumi na mbili, gari la zamu lilimshusha nyumbani saa moja kasorobo. Mke naye aliondoka saa moja kamili. Robo saa ya chai. Hawakuwa wakisema makubwa. Mume alikuwa akimwambia nani alikoroma lindoni, mke akimwambia bunduki ya nani imeota kutu, halafu mke anambusu mtoto utosini na kukimbia. Lakini ilikuwa robo saa.

Kisha, miezi mitatu iliyopita, mumewe akaanza kufika saa tatu. Bila kueleza. Aliandika tu kwenye karatasi ya mlangoni: *Asubuhi nitakuwa nachelewa. Usinisubiri.*

"Wa usiku ana kisingizio cha kazi," dada yake alimwambia kwenye simu. "Sasa huyo wa asubuhi ana kisingizio gani? Fungua macho, mdogo wangu. Mwanaume halali njiani."

Tangu hapo alikuwa akinywa chai amesimama.

* * *

Bunduki namba hamsini na mbili ililetwa mchana na gari la lindo, pamoja na nyingine tatu. Ilikuwa ya Mzee Salama, mlinzi wa zamu ya mchana wa ghala lile lile. Walimwita hivyo kwa sababu ukimuuliza lolote, habari ya nyumbani au mvua itanyesha lini, jibu lake ni moja: "Salama tu." Alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu.

Ndani yake alikuta bolti ya thelathini na sita, kama alivyotarajia. Hapo fumbo la kwanza likawa limefumbuka: watu wawili wa ghala moja, bunduki mbili, meza moja. Mtu alizifungua zote kwa pamoja, na usingizi au haraka ikazifunga kinyume.

Alirudisha kila bolti kwa mwenyewe, akapima upya. Thelathini na sita ikaikataa Hapana kwa heshima zote. Hamsini na mbili ikaimeza. Ubaya ulikuwa kwenye ile bolti ya Mzee Salama, imezeeka pamoja na mwenyewe.

Ndipo akairudisha bolti ile kwenye taa. Meno ya chuma hayaliki hivyo kwa miezi mitatu. Alifungua daftari, akarudi kwenye ukaguzi uliopita, wa karibu miezi mitatu nyuma, akatafuta mstari wa hamsini na mbili. *Ndiyo: inafunga. Hapana: inagoma.* Na saini yake, iliyonyooka.

Aliikumbuka siku ile. Ilikuwa kesho yake baada ya simu ya dada. Bunduki kumi na tisa zilikuwa mezani na macho yalimwaka. Alikumbuka kutia Ndiyo. Hakukumbuka kutia Hapana. Ilikuwa bunduki ya mzee ambaye hajawahi kufyatua hata kwa bahati mbaya, naye akaandika kwa mazoea, kama mtu anayeitikia salamu huku akili iko kwingine.

Basi bolti mbovu aliipitisha yeye. Kisha mtu akaichomeka kwenye bunduki ya mumewe. Na Jumatatu mumewe angeiweka shavuni mara arobaini.

Alipokuwa akimalizia kusafisha hamsini na mbili, kitambaa kilitoka kwenye chemba na kiuzi kimoja cha bluu. Alikiinua kwenye taa. Uzi ule aliujua kama anavyoujua mwandiko wake. Aliuona kila mara ndani ya bunduki ya mumewe: bluu ya sketi ya shule ya binti yao, ile iliyokuwa fupi tangu mwaka jana.

Lakini huu haukutoka kwenye bunduki ya mumewe.

* * *

"Sketi yako ile ya zamani iko wapi?" alimuuliza binti yake jioni ile, wakiosha vyombo. Msichana alikuwa na miaka kumi, na kwa umri ule alikuwa ndiye posta ya nyumba.

"Baba aliikata vipande. Mbona nilikwambia? Vipo kwenye kopo chini ya kitanda. Kila Jumamosi anachukua viwili."

"Viwili vya nini? Bunduki yake ni moja."

"Nilimuuliza. Akasema kimoja chake, kimoja cha mtu." Binti alifuta sahani. "Na baba amesema gesi inakaribia kuisha. Na amesema ile bawaba ya dirisha ameshaitengeneza. Na akauliza kama bado unakohoa."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia sijui. Kwani unakohoa?"

"Nilikohoa wiki iliyopita."

"Sasa mama, ukikohoa niambie. Mimi nitajuaje cha kumjibu?"

Mama Geji aligeukia sinki. Alifungua bomba kubwa kuliko ilivyohitajika, akaacha maji yapige kelele.

* * *

Jumamosi, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, alimwacha binti kwa jirani akapanda daladala kwenda ghalani. Alijiambia anakwenda kwa ajili ya daftari. Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli yote. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwambia mwanamke ambaye hajamwona. Alimpa mpaka umbo, mpaka kanga. Alipofika kwenye kona ya ukuta, maneno yalikuwa yameiva, yanachoma ulimi.

Kulikuwa kumekucha. Malori mawili yalikuwa yamepanga foleni nje ya geti, injini zikitetemeka. Dereva wa kwanza alishuka akampa Mzee Salama karatasi za mzigo. Mzee alizishika, akazisogeza karibu na pua, kisha akazipeleka upande bila kugeuka. Mkono ukatoka dirishani mwa kibanda cha walinzi ukazipokea.

"Saruji," ilisema sauti ya mumewe, polepole, kama mtu anayepiga soga. "Mifuko mia tatu. Inakwenda mlango wa nne. Namba ya gari inaishia sifuri nane."

"Saruji, mlango wa nne!" Mzee Salama akamwambia dereva kwa sauti ya ukubwa. "Sifuri nane, pita!"

Lori likapita. Mzee akatabasamu kuelekea mahali dereva alipokuwa amesimama kabla hajaondoka.

Mama Geji alisimama pale konani mpaka lori la pili likaingia. Yale maneno yake yaliyoiva hayakuwa na mtu wa kuyapokea. Aliyameza, moja baada ya jingine, na yalikuwa machungu kuyameza kuliko kuyasema.

Alipovuka barabara, Mzee Salama aliinua kidevu. "Anakuja mtu anayenuka oili ya bunduki na sabuni ya mche. Kimya, hebu toka. Mkeo amefika."

Mumewe alitoka kibandani, mikono ya shati imekunjwa, macho mekundu kwa kukesha. Hawakuwa wameonana wakiwa macho kwa siku kumi na tisa. Alikuwa amenyoa ndevu, hakuna aliyemwambia.

"Kuna nini? Mtoto?"

"Mtoto mzima. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Salama tu."

"Sijauliza bado, mzee."

"Najua. Nilikuwa nakuwahi."

Mzee alicheka kidogo, wote watatu wakacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha na hakuna aliyejua pa kukiweka.

"Jicho gani?" Mama Geji aliuliza.

Mzee Salama alivua kofia. Bila kofia alionekana mdogo, kichwa chenye upara kama cha mtoto mchanga. "Yote mawili, mama. Mtoto wa jicho. La kulia linaona mwanga, la kushoto linaona kivuli. Miezi miwili imebaki nipate changu cha uzeeni. Wakijua leo, wataniachisha kwa ugonjwa, na nitaondoka na barua tu. Huyu mumeo alinigundua. Nilimpigia saluti nguzo."

"Ilikuwa nguzo ndefu," mumewe alisema. "Mtu yeyote angekosea."

"Mzee, unashika bunduki." Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka. "Akitokea mwizi, ungempiga nani? Dereva? Mimi?"

Mzee aliigeuza kofia mikononi. "Tangu macho yaanze kuziba sijaitia risasi, mama. Zimo mfukoni. Na hiyo Jumatatu... usingizi sipati. Nitalenga wapi mimi? Nitasikiliza wenzangu wanalenga wapi?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama Geji alimvuta mumewe mkono mpaka nyuma ya kibanda.

"Wewe ndiye unayesafisha bunduki yake."

"Jumamosi. Baada ya malori."

"Meza moja."

Alimtazama. Akaanza kuelewa, uso ulimshuka taratibu. "Nimechanganya."

"Umechanganya. Umebeba bolti yake wiki kadhaa. Imelika, inaimeza Hapana. Jumatatu ungeiweka hapa." Alimgusa shavu kwa kidole, chini kidogo ya jicho, na kwa kuwa hakuwa amemgusa muda mrefu kidole kilishtuka chenyewe kikarudi. "Na aliyeipitisha ni mimi. Ukaguzi uliopita sikuipima sawasawa. Nilikuwa nakuwaza wewe na mwanamke wako."

"Mwanamke gani?"

"Wa asubuhi."

Mumewe alifungua mdomo. Aligeuka akamtazama Mzee Salama, aliyekuwa amesimama kwa unyoofu kabisa akilinda upande usio na geti. Akamrudishia mkewe macho. "Huyo?"

"Sasa ningejuaje? Ungeniambia!"

"Wewe ndiye unayetoa bunduki. Ningekwambia, ungelazimika kumnyang'anya. Nilitaka mzigo ubaki kwangu."

"Haukubaki kwako. Ile ilikuwa robo saa yangu." "Ulimpa mzee wa watu robo saa yangu, na hukuniomba. Mimi sina nyingine. Nakunywa chai nimesimama kama mpita njia nyumbani kwangu."

Jina la Kimya hakulipata bure. Alikiokota kipande cha bluu kilichokuwa kimening'inia kwenye ufito wa kusafishia, akaanza kukikunja, tena na tena, mpaka kikawa kidogo kama kucha.

"Naweza kunyamaza," Mama Geji alisema baadaye. "Bolti nimeshazirudisha mahali pake. Nikiandika yako ni nzima na ya mzee imelika, hakuna mtu duniani atakayejua zilichanganywa. Wala kwamba nilitia saini ya uongo."

"Ile sheria ya ukutani aliandika nani?"

"Mimi."

"Basi usiniulize mimi."

"Nakuuliza wewe kwa sababu ni wewe utakayevuliwa silaha! Mshahara utashuka. Ada ya mtoto unaijua."

Mume alitazama chini. "Yule wa jicho moja, getini kwenu, anapokupigia saluti," alisema, "huwa unaitikia?"

"Naitikia."

"Ukinyamaza, utaweza kuitikia?"

Lori la tatu lilipiga honi. Mzee Salama aliita, "Kimya! Karatasi!" na mumewe akaenda.

* * *

Saa sita kasoro dakika tano daftari lilikuwa juu ya meza ya Bwana Ratiba. Alilisoma akitembeza kalamu chini ya kila mstari, na kalamu ikasimama.

"*Namba 36: nzima. Ilikutwa na bolti ya 52. Aliyechanganya: mlinzi mwenye bunduki, mume wa mkaguzi. Namba 52: bolti imelika, iondolewe kazini. Ilipitishwa ukaguzi uliopita bila kupimwa kikamilifu. Aliyekosea: mkaguzi.*" Aliinua kichwa. "Hili ni daftari la silaha au kitubio? Umejishtaki wewe na mumeo katika ukurasa mmoja!"

Karani wa pembeni safari hii hakutikisika mabega. Aliacha hata kupiga chapa.

"Ndivyo ilivyo, bosi."

"Unajua naweza kukufukuza sasa hivi?"

"Najua. Ila kabla hujanifukuza, zipo bunduki kumi na nane nyingine nilizozitilia saini siku ile ile. Nimezipima zote upya tangu saa mbili asubuhi. Ni nzima. Ukileta mwingine, aanze nazo yeye pia, asiniamini."

Bwana Ratiba alitoa kalamu sikioni, kisha akakumbuka ana nyingine mkononi. Alimfanya aandike barua ya maelezo pale pale, amesimama, juu ya kabati la mafaili, huku watu wakiingia na kutoka na kumtazama. Alimfanya aiandike upya kwa sababu ya tarehe. Posho yake ya ufundi ilikatwa kwa miezi sita. Mumewe alivuliwa silaha kwa muda huo huo, akahamishiwa getini, mchana, kwa mshahara wa asiye na bunduki.

"Na mzee?" Mama Geji aliuliza.

"Mzee hana bunduki, hana shabaha. Atachukua ile ya mumeo."

"Asipewe."

"Kwa nini?"

Alikuwa amelifikiria jibu hilo tangu asubuhi, na hakupata la uongo lililofaa. "Kwa sababu mimi ndiye ninayezitoa, na huyo simpi. Mweke getini na mume wangu, afungue na kufunga mpaka siku yake ifike. Miezi miwili, bosi. Geti halihitaji risasi."

Bwana Ratiba alimtazama, na huenda alielewa, huenda njaa ya mchana ilimzidi. Aliandika majina mawili kwenye mstari mmoja wa ratiba: geti la ghala, mchana, saa kumi na mbili mpaka saa kumi jioni.

Alipotoka nje, yule mlinzi wa jicho moja alimpigia saluti getini. Mama Geji aliitikia, kisha akajificha nyuma ya kabati la umeme akalia kidogo, kwa adabu, kama anayepiga chafya.

* * *

Jumatatu jioni alifika nyumbani akakuta taa inawaka na viatu vikubwa mlangoni. Alisimama navyo kidogo. Alikuwa amezoea kuvikuta havipo.

Walikula watu watatu kwenye meza ya wawili; binti alikalia ndoo iliyogeuzwa. Mumewe alikula akiangalia sahani, yeye akila akiangalia chumvi. Miaka mitatu ya kuandikiana mlangoni, na sasa wamekaa ana kwa ana, hakuna aliyejua neno la kwanza huwa lipi. Walikuwa kama wageni wawili waliokutanishwa na mvua chini ya paa la duka.

"Mwambie mama yako," mumewe alimwambia binti, "mzee amekubali kwenda hospitali ya macho. Alhamisi. Nitampeleka."

Binti akageuka. "Mama, baba anasema..."

"Nimesikia. Mwambie vizuri. Na mwambie maji ya kuoga yapo jikoni."

Binti aliweka kijiko chini. Alimtazama huyu, akamtazama yule, kama mtu aliyegundua ameajiriwa kazi isiyokuwepo.

"Si huyo hapo?" alisema. "Mwambie mwenyewe. Mimi nakula."

Akaendelea kula. Ndani ya chumba ilisikika sauti ya kijiko chake peke yake.

Baada ya vyombo, baada ya hesabu za shule, mtoto akiwa amelala kwenye godoro lake nyuma ya pazia, wawili hao walisimama mmoja huku, mwingine kule, kitanda katikati yao kimetandikwa. Hakikuwa na joto la mtu. Mume alikohoa.

"Wewe," alisema, "siku hizi unalala upande gani?"

Mama Geji alifikiri. Hakuwahi kuulizwa, wala kujiuliza.

"Katikati," alisema.

"Na mimi katikati."

Walikitazama kitanda. Pale katikati palikuwa na bonde, refu, la mtu mmoja, walilolichimba wote wawili kwa zamu bila kuonana. Mumewe aliinama, akalipiga godoro kwa viganja viwili kulisawazisha, na lilipokataa, akavuta mto wake akausogeza ukutani.

"Kwa hiyo wiki iliyopita," Mama Geji alisema akizima taa, "nani alikoroma lindoni?"

"Ngoja nilale vizuri," alisema, "nikusimulie."